Nzi Wasio na Mabawa wa Kiang'ombe

Embu. Ijumaa, Novemba 1996.

(Nanakili hapa kutoka daftari langu la wakati ule, kama nilivyoandika, na hasira zake zote.)

Manyunyu tangu asubuhi. Si mvua ya kumfaa mkulima, ni ile ya kulowesha kola ya shati tu na kuliacha vumbi lilivyo. Mlima Kenya umejificha. Magoti yananiuma, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba, na nimekasirika kiasi kwamba nimesahau kutia sukari kwenye chai na nikaimaliza hivyo hivyo.

Wacha niandike yote toka mwanzo, kabla hasira haijapoa nikaanza kujionea huruma.

Mimi ni msaidizi wa maabara. Nyumbani ni Kibirichia, Meru, kwenye viazi na baridi, lakini kwa miaka minne sasa nimefanya kazi hapa Embu, katika kituo cha utafiti wa wadudu, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mkubwa wangu ni mtu ambaye sote tunamwita Daktari, hata wake wa wafanyakazi. Kazi yetu ni kukusanya majani yaliyooza, ya msituni na ya mashambani, kuyachekecha juu ya kitambaa cheupe, na kuona ni wadudu gani wanaoishi humo. Mama yangu haelewi. Krismasi iliyopita aliniuliza, "Kagendo, nilikusomesha ukatafute nzi? Nzi si wako hapa nyumbani?"

Lakini nzi niliyempata mwaka jana hakuwa wa jikoni kwa mama.

Nilimpata katika msitu wa Irangi, juu ya Runyenjes, pale majani chai yanapoishia na miti mikubwa kuanza. Nilikuwa nimechekecha majani ya chini ya gogo lililooza. Kwenye kitambaa kukawa na siafu wawili, buibui, jongoo mdogo, na kitu cheusi kama mbegu ya mtama kikikimbia. Kilikimbia, hakikuruka. Nilipokiangalia kwa kioo cha mkono nikaona ni nzi kamili, macho yake, miguu yake, nywele zake za mgongoni, ila mahali pa mabawa palikuwa na visiki viwili vidogo, kama mtu aliyeanza kuota mabawa akaghairi.

Daktari alisema mabawa yamekatika nilipokuwa nikichekecha. Nikamletea wengine watano. Akafungua kabati, akatoa hadubini kubwa, ile ambayo ufunguo wake hukaa mfukoni mwake. Tukawatuma kwa mtaalamu mmoja wa Ulaya ambaye maisha yake yote ni nzi wa namna hiyo. Jibu likaja mapema mwaka huu: hajawahi kuwaona. Ni wapya. Duniani kote hakuna aliyewahi kuwaandika.

Siku hiyo Daktari aliagiza soda kwa kituo kizima. Alinishika mkono mbele ya watu. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimepotea kwa furaha, nikapita nyumba yangu, nikalazimika kurudi.

Hiyo ndiyo sehemu nzuri. Ni fupi, najua.

Mwezi wa nne nilipata siku nne za mapumziko nikaenda kumtembelea Ciarunji. Tulisoma pamoja sekondari, tukilala kitanda cha juu na cha chini. Sasa ni mwalimu wa darasa la tatu huko Mbeere, chini ya kilima cha Kiang'ombe, na ana mbuzi wengi kuliko wanafunzi. Mbeere si kama kwetu. Ni joto, miiba, udongo mwekundu, na mvua ya kubahatisha. Lakini Kiang'ombe kinasimama peke yake katikati ya ukame huo, na asubuhi nyingi kilele chake kimevaa ukungu. Nilipouona ukungu ule nilimwomba Ciarunji anipandishe.

Juu kabisa kuna kipande cha msitu. Msitu kweli, wenye magogo yaliyovikwa majani laini mabichi kama sufu, wenye maji yanayodondoka hata kama hakujanyesha. Nilikuwa na chekecheo langu mfukoni, maana sasa siendi popote bila hilo. Nikachekecha. Nikapata nzi saba.

Bila mabawa. Kilomita nyingi za miiba na jua kutoka Irangi, nzi saba wasioweza kuruka.

Nilikaa kwenye unyevu ule nikawahesabu tena. Kwa sababu fikiria. Nzi huyu hawezi kuvuka Mbeere. Ukimweka kwenye mchanga ule saa tano asubuhi, saa tano na nusu amekauka. Hana mabawa, hawezi kupeperushwa na upepo kwa urahisi, hakai juu ya mnyama, hali chakula cha watu hata abebwe kwenye gunia. Anaishi kwenye majani yaliyooza yenye unyevu na hapo tu. Basi amefikaje Kiang'ombe?

Jibu ni moja ninaloliona. Hakuvuka. Msitu ndio ulikuwa huku. Zamani sana, kabla ya watu kuhesabu zamani, wakati wa baridi na mvua nyingi, msitu wa mlima ulishuka ukafika mpaka Kiang'ombe na labda ukapita. Kisha nchi ikakauka. Miti ikarudi nyuma kuelekea mlimani, na wale nzi waliokuwa kilimani wakabaki juu, kama watu wanaopanda juu ya paa mto unapofurika, ila hapa kilichofurika ni ukame.

Nzi wa ukubwa wa mbegu ya mtama anaweza kukuambia hayo. Ramani haiwezi. Hakuna mtu aliyekuwepo.

Nilirudi Embu nikakimbia ofisini bila hata kuoga.

Daktari alisikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya, hilo lazima niliandike, hata leo. Alivua miwani akaifuta, kisha akasema, "Kagendo, umechanganya vichupa."

Nikamwambia sikwenda na kichupa cha Irangi.

"Mfuko ule ule unaoenda nao Irangi?"

"Ndiyo, lakini niliufua."

"Chekecheo lile lile?"

"Ndiyo, Daktari."

Akaniambia habari ambayo nilikuwa nimeisikia kwa watu tu. Miaka ya nyuma msaidizi wake mmoja alichanganya lebo, na Daktari akasimama mbele ya wataalamu kutoka kila mahali akatangaza mdudu wa pwani kuwa ameonekana mlimani. Walimcheka ukumbi mzima. Alisema hadi leo akikutana na mmoja wao huulizwa kama amepata samaki wa baharini Mlima Kenya.

"Sitachekwa mara ya pili," akasema. "Weka hao saba pamoja na wale wa Irangi. Andika Irangi."

Na sasa naandika jambo ambalo hadi juzi, nilipomwambia Ciarunji, sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Niliandika.

Hakunishika mkono niandike. Hakunitisha. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, karatasi ya kuuongeza ilikuwa mezani kwake, na hakuitaja hata mara moja. Niliitaja mimi mwenyewe, kimyakimya, moyoni. Nikachukua kichupa cha Kiang'ombe, nikawamimina wale saba ndani ya kichupa cha Irangi kilichokuwa na kumi na wawili, nikatoa lebo ya zamani, nikakata kipande kipya cha karatasi, nikaandika kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti. Irangi. Mwandiko wangu mzuri ule ule, ule ambao Daktari huwaonyesha wageni.

Na kuna jambo baya zaidi. Kwa kioo cha mkono nilikuwa nimeona kwamba wale saba hawakuwa na visiki vya mabawa. Migongo yao ilikuwa laini kabisa. Nikajiambia visiki vimekatika njiani. Yaani kosa lile lile la Daktari la mwaka jana, lile nililomcheka chinichini, nikalifanya mimi, na kwa nia ya kujituliza.

Kichupa kikaenda Ulaya. Mkataba ukaongezwa. Nikala, nikalala, nikaenda kanisani.

Jumatatu wiki hii barua ilifika.

Daktari aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Kisha akaniita huku akicheka. Mtaalamu anasema ndani ya kichupa kile kuna nzi wa aina mbili. Kumi na wawili ni wale wa kwanza. Saba ni wengine: hawana visiki hata kidogo, na miguu yao ya nyuma ina mwiba ambao wale hawana. Ni ndugu, anasema, ndugu wa karibu mno, lakini si wale wale. Wapya pia. Na kinachomshangaza ni kwamba ndugu wawili wa namna hiyo wanaishi chini ya gogo moja bila mmoja kummaliza mwenzake. Hajawahi kuona jambo hilo. Anaomba tuthibitishe mahali.

"Wawili, Kagendo! Irangi ina wawili!"

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya kisima. Kwa sababu nilielewa papo hapo. Nzi wenyewe walikuwa wamenitetea. Kama ningekuwa nimechanganya vichupa, wote wangekuwa sawa. Hawakuwa sawa, kwa sababu wale saba walikaa peke yao Kiang'ombe muda mrefu sana hata wakawa wengine. Ushahidi wote niliokuwa nikiuhitaji mwezi wa nne ulikuwa umefika, umepigwa chapa safi kwenye karatasi nzuri, na haukuwa na maana yoyote, maana nilikuwa nimeuharibu kwa mkono wangu.

Nikamwambia, "Daktari, hao saba ni wangu. Ni wale wa Kiang'ombe."

Kicheko kikaisha taratibu.

"Lebo inasema Irangi."

"Uliniambia niandike Irangi."

"Mwandiko ni wa nani?"

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyepatikana na kitabu cha mwenzake. Daktari naye akatazama dirishani, na nadhani, ingawa siwezi kuapa, nadhani alikuwa anakumbuka vizuri kabisa.

Jumanne nilijaribu tena. Nikamweleza kwamba jambo hili si la lebo tu. Tukisema ndugu wawili wanaishi Irangi pamoja, watu watatoka mbali kuja kuchunguza jinsi wanavyogawana gogo, na hawataona kitu. Na Kiang'ombe hakitatajwa popote. Hakuna atakayejua kile kipande cha msitu cha kileleni kina kiumbe ambaye hayuko mahali pengine. Akasema alikwisha jibu barua ile asubuhi. Amethibitisha Irangi.

"Bila kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Niliangalia lebo."

Nikaomba ruhusa ya siku mbili. Nikasema nyumbani kuna shida. Huo ni uongo wa pili katika habari hii, nauweka hapa pamoja na ule wa kwanza.

Jumatano nikashuka Siakago asubuhi na kutembea. Embu kulikuwa na mawingu, huku hata wingu la kuazima hakuna. Mvua za vuli zimechelewa Mbeere. Mahindi ya watu yamesimama kama vijiti vya kuotea moto. Mbuzi wanapita wakiangalia ardhi kama waliopoteza kitu. Kila nilipovuka kijito kikavu nilikuwa nikihesabu moyoni: kama hapa chini ni hivi, huko juu je?

Ciarunji alikuwa shuleni. Aliponiona dirishani aliwapa watoto kazi ya kunakili ubaoni akatoka.

"Wewe Mumeru, ni nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka nzi."

Alinitazama. "Umetoka Embu kuja kutafuta nzi? Si ungeenda tu nyuma ya choo yetu?"

Nilianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, pale pale uwanjani, watoto wa darasa la tatu wakichungulia. Ciarunji akanivuta nyuma ya jengo. Nikamweleza yote. Ile ya kumimina vichupa pia. Nilitarajia aniambie si kosa langu. Hakuniambia.

Alisema, "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuchapa."

Kisha akasema kesho ni siku ya michezo shuleni, mwalimu mwenzake anaweza kushika darasa lake, tutapanda alfajiri.

Nilikula kwake uji wa mawele na maharagwe. Mume wake, mtu mpole wa kutafuna majani ya muguka, aliniuliza kwa adabu kama nzi hao huleta ugonjwa. Nikasema hapana. Akauliza kama huleta faida. Nikasema hapana pia. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

Alhamisi, yaani jana, tukapanda.

Njia yenyewe ni mawe na miiba hadi katikati, kisha ghafla hewa inabadilika, unahisi ubaridi shingoni. Ciarunji ananiambia, "Hii kilima iko na baridi yake. Haiombi mtu." Lakini jana ubaridi ulikuwa mdogo. Tulipofika kileleni niliona kwa nini. Ile sufu ya kijani kwenye magogo ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ukiigusa inavunjika. Gogo nililowapata wale saba halikuwepo. Mtu alilikata kutengeneza mizinga ya nyuki, vipande vilivyobaki vilikuwa pale pale. Upande wa magharibi moto ulikuwa umepita, si mkubwa, wa kuchoma majani ili nyasi mpya zichipue kwa ajili ya mbuzi, lakini ulikuwa umeingia hatua kama thelathini ndani ya msitu.

Ciarunji alisema polepole, "Inaweza kuwa ni watu wetu."

Nikaanza kuchekecha. Saa moja, mbili, tatu. Vumbi. Siafu. Vumbi. Nge mmoja ambaye tuliachana naye kwa heshima. Nilichekecha nikiwa nimepiga magoti hadi suruali ikatoboka. Nilikuwa nikimlaani Daktari, kisha mtengeneza mizinga, kisha mawingu. Kufika saa saba nilikuwa nimebaki kujilaani mwenyewe tu, na hapo laana zilikuwa nyingi na zilipata pa kukaa. Miezi saba iliyopita walikuwa saba hapa, kwenye kichupa, na lebo ya kweli. Ningefanya nini zaidi ya kutoandika neno moja?

Tulipumzika tukala. Ciarunji akaniuliza, kwa vile hajawahi kuniuliza, ni nini hasa kuhusu nzi hawa. Nikamweleza habari ya msitu ulioshuka kutoka mlimani, na ukame ulioukata, na jinsi wale wa huku na wale wa kule walivyotengana hadi wakawa tofauti.

Akatafuna kidogo, akafikiri.

"Ni kama sisi Wambeere na Waembu," akasema. "Lugha ilikuwa moja. Watu wakakaa mbali. Sasa mama mkwe wangu wa Embu akiongea, nacheka peke yangu."

Nimesoma vitabu vinene ambavyo havikuniambia vizuri hivyo.

Ciarunji ndiye aliyewapata. Mimi nilikuwa nikitafuta chini ya magogo kwa sababu mara ya kwanza walikuwa chini ya gogo. Yeye alisema, "Mbuzi akiwa na joto haendi mahali alipokuwa jana, anaenda mahali kuna baridi." Akaenda kwenye ufa kati ya miamba miwili mikubwa upande wa mashariki, ambapo jua halifiki, akaingiza mkono hadi begani, akatoa konzi ya majani meusi, yenye maji. Kwenye kitambaa hakukutokea kitu. Konzi ya pili, hakuna. Ya tatu, Ciarunji, ambaye macho yake yamezoea kutafuta kupe kwenye masikio ya mbuzi, akasema, "Huyu hapa anakimbia."

Mmoja. Kisha wa pili, mdogo zaidi. Migongo laini, hakuna visiki, hakuna chochote.

Tulitafuta tena hadi jua likainama na hatukupata wa tatu. Huenda wako ndani zaidi mle kwenye ufa. Naomba wawepo.

Nikatoa penseli kuandika lebo, nikakumbuka ile ya Irangi. Nikampa Ciarunji. Akaandika kwa mwandiko wa ubaoni, mkubwa na wa mviringo: Kiang'ombe, kileleni, ufa wa mashariki, kisha tarehe, kisha jina lake na jina langu. Nusura lebo isiingie kwenye kichupa. Tukaiviringisha, maandishi yakitazama nje.

Leo nilipanda gari la alfajiri Siakago, nikawa ofisini kabla ya Daktari. Nikaweka kichupa mezani kwake. Alisoma lebo kupitia kioo cha kichupa, akauliza huyu Ciarunji ni nani, nikasema ni mwalimu. Akatoa funguo mfukoni, akafungua kabati, akaweka hadubini mezani. Aliangalia muda mrefu sana. Nilikuwa naona kisogo chake tu, na jinsi masikio yake yalivyokuwa yakibadilika rangi.

Hatimaye akasema, bado jicho likiwa kwenye hadubini, "Nyumbani hakukuwa na shida."

"Hapana, Daktari."

"Umenifanya mwongo."

"Lebo niliandika mimi. Nitamwandikia mtaalamu nimweleze. Nitasema ni mimi."

Akageuka. Akasema hakuna haja ya haraka, mambo haya hurekebishwa polepole, mwakani tutafanya safari rasmi Kiang'ombe, tutawapata upya, kila kitu kitakaa sawa bila mtu kuaibika. Alisema kwa sauti nzuri. Aliniita mama, kama anavyomwita binti yake. Na ningetamani, ee Mungu, jinsi nilivyotamani kukubali. Lakini nimeiona ile sufu ilivyokauka. Mwakani kwenye ufa ule kutakuwa na nini?

Nikamwambia barua nimekwisha iandika. Ilikuwa kweli, niliiandika jana usiku nyumbani kwa Ciarunji, kwenye karatasi ya daftari la shule.

Akanyoosha mkono. Nikampa, nikijua anaweza kuichana. Niliandika kwamba wale saba walitoka Kiang'ombe, kwamba niliwamimina pamoja na wengine na kuandika mahali pa uongo nikijua ni uongo, na kwamba naomba msamaha. Sikuandika ni nani aliyeniagiza. Nilikaa muda mrefu juu ya sentensi hiyo nikaiacha. Sijui kama ni woga au heshima. Kwa kweli sijui.

Daktari alisoma kurasa zote mbili. Alipofika mwisho alirudi ukurasa wa kwanza akatafuta, nadhani alikuwa akitafuta jina lake. Halikuwepo. Akavua miwani. Akachukua kalamu, nikafikiri anaikata, kumbe alisahihisha neno moja la Kiingereza nililokosea herufi. Akainamia karatasi muda kidogo zaidi ya neno moja linavyohitaji.

Akanirudishia. "Posta inafungwa saa kumi na moja," akasema.

Nilipofika mlangoni akaongeza, bila kuniangalia, kwamba kuanzia Jumatatu nitahamia mashamba ya majaribio ya Runyenjes. Kuhesabu nzi wa maharagwe. Kazi ya msituni atapewa mwingine.

Nikasema sawa.

Nilifika posta saa tisa nikasimama kwenye foleni. Nilipofungua bahasha kuongeza jina langu kamili ndipo nikaona alichokuwa akiinamia. Chini kabisa ya sahihi yangu, kwa herufi ndogo, Daktari alikuwa ameandika: *Kwa agizo langu.* Na jina lake.

Nimeituma hivyo.

Sasa ni jioni na bado nimekasirika. Ningetaka kusema yale maneno matatu yameniponya, lakini hapana. Angeweza kuyasema mwezi wa nne. Angeweza kuyasema Jumatatu, tulipokuwa wawili tu chumbani. Ameyaandikia mtu wa Ulaya ambaye hatamwona kamwe, na mimi ananipeleka kwenye maharagwe. Nimemkasirikia kwa kuwa mwoga, na nimemkasirikia zaidi kwa kuwa jasiri nusu, maana sasa siwezi hata kumchukia vizuri.

Na mimi? Nilikuwa jasiri kiasi gani? Ilichukua miezi saba, barua ya mgeni, na kuchapwa kwa maneno na mwalimu wa darasa la tatu.

Ciarunji amesema ataongea na wazee wa kanisa na wenye mizinga kuhusu moto kule kileleni. Atawaambia nini? "Msichome, kuna nzi"? Nilimwuliza hivyo tukiwa tunateremka. Akasema atawaambia kuna maji kwenye ule ufa, kwamba msitu ukiisha maji yataisha, na hilo kila mtu Mbeere atalielewa.

Barua za Ulaya huchukua wiki tatu kwenda, tatu kurudi. Jibu litakuja mwezi wa kwanza. Nimemwomba karani wa posta, kama bahasha ikija na jina langu, asiipeleke kituoni. Anipelekee Runyenjes. Nitaisoma nikiwa nimesimama katikati ya mistari ya maharagwe, na hakuna atakayeiona kabla yangu.